Waliniita Maharage kwa Sababu ya Swali Moja

Jumamosi iliyopita niliamka na ujumbe wa kijana mmoja, saidia fundi kwenye karakana ya friji na viyoyozi. "Kaka, bosi kanisimamisha wiki nzima. Anasema namuuliza maswali mbele za wateja, namdhalilisha. Niombe radhi nikae kimya, au niondoke?"

Mdogo wangu, umenikuta vibaya. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimemaliza kazi iliyowashinda mafundi watatu, kichwa bado kimevimba. Nilianza kukujibu kwa mistari miwili, nikajikuta naandika mpaka chai ikapoa.

Nianzie mbali kidogo. Mimi ni mtoto wa Makete, milimani kule Njombe, nimelelewa na bibi. Kwetu ni zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, baridi ya asubuhi unaiona inatoka mdomoni kama moshi. Maharage bibi aliyabandika mapema, tukaenda shamba, tukarudi, bado magumu. Nikiwa kidato cha kwanza nikaenda likizo Dar kwa shangazi. Akapika maharage ya gunia lilelile nililombebea kutoka kwa bibi, nikashangaa yameiva kabla sijamaliza kufua nguo zangu. Nilimuuliza shangazi anaweka nini. Akasema haweki kitu, eti ni joto la Dar.

Jibu hilo halikunitosha. Moto ni moto, sufuria ni sufuria. Shule ilipofunguliwa nikanyoosha mkono kwenye somo la sayansi: "Mwalimu, kwa nini maharage yanaiva haraka Dar kuliko hapa?" Mwalimu alinitazama, akatazama darasa, akasema huyu anawaza kula tu. Darasa zima likacheka. Kuanzia siku ile hadi namaliza kidato cha nne jina langu lilikuwa Maharage. Mpaka leo nikikutana Kariakoo na niliosoma nao, wengine wana maduka makubwa siku hizi, wananiita hivyohivyo na mimi naitika. Naitika, lakini inauma.

Tunapenda kusema kuuliza si ujinga. Uliza mara moja, utasifiwa. Uliza mara ya pili, utaambiwa una kimbelembele. Mara ya tatu unakuwa mjuaji, na wapo wasiotofautisha kabisa udadisi na umbeya.

Miaka ya katikati naiacha, haina jambo: nilibeba mizigo, niliuza vocha. Kisha nikapata nafasi ya saidia fundi, kama wewe. Kazi yangu ilikuwa kushika tochi, kununua chapati na kuosha koili. Kila friji iliyoletwa haipozi, fundi mkuu alimwambia mteja, "Gesi imekwisha." Tunajaza, mteja analipa. Baada ya miezi michache friji ileile inarudi. Siku moja, mbele ya mama mmoja aliyekuja mara ya tatu, nikauliza: "Fundi, gesi inakwenda wapi?"

Kilichonipata unakijua, maana ndicho kilichokupata wewe.

Ila swali lilikuwa sahihi. Friji haili gesi kama jiko linavyomaliza mtungi. Mfumo wake umefungwa, gesi inazunguka humohumo ndani miaka na miaka. Ikipungua, imevuja, na palipovuja lazima patafutwe na pazibwe kwanza. Bosi wangu alilijua hilo vizuri tu. Nilichelewa kuelewa kwamba yapo maswali yanayokasirisha watu kwa sababu jibu lake linagusa mfuko, wala si kwa sababu ni ya kijinga. Swali langu lilikuwa linaingiza mkono kwenye droo ya pesa, tena mwenye pesa akiwa amesimama pale.

Nikajiandikisha kozi fupi ya jioni VETA, chuo cha ufundi pale Chang'ombe, Dar. Siku ya tatu mwalimu akachora duara ubaoni: kompresa inayosukuma gesi, kondensa ya nyuma inayotoa joto, kapilari, yaani kibomba chembamba, na koili ya ndani. Akasema friji haitengenezi baridi. Inachota joto ndani na kulitupa nje, ndiyo maana mgongo wa friji una moto. Na inalichota kwa kuchemsha gesi. Kuchemsha! Gesi ya friji iitwayo R134a, kwa presha ya kawaida ya hewa, inachemka kwenye digrii 26 chini ya sifuri. Ukiiongezea presha inachemka kwenye joto la juu zaidi, ukiipunguzia inachemka kwenye joto la chini. Akaongeza kwa kupita tu, kama mtu anayetupa ganda la ndizi: "Hata maji ni hivyo. Kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, yanachemka kwenye digrii 80 hivi, kwa sababu hewa ya kule ni nyepesi, presha yake ndogo."

Nikaweka kalamu chini. Maharage ya bibi.

Makete maji yanachemka karibu digrii 93. Yanatokota, povu linapanda, kifuniko kinacheza, unaona kabisa moto umekolea, kumbe ndani ya sufuria joto halifiki lile la Dar. Hata uongeze kuni gunia zima, maji yanageuka mvuke tu, hayapandi zaidi ya hapo. Miaka 11 nilikuwa nimelibeba swali lile, na jibu lake lilikuwa limekaa ndani ya friji. Nilitaka kusimama nimweleze mwalimu, nikaogopa watacheka tena. Nilikwenda nyumbani kwa miguu, sikupanda hata daladala.

Tangu siku hiyo nina daftari la maswali. Sasa ni la nne. Hii ndiyo mbinu yangu yote, usitafute nyingine: swali likikujia liandike, muulize anayejua, na jibu lisipokuridhisha usilifute swali. Likae. Litapata jibu siku yake, pengine mahali usipopategemea.

Sasa hiyo kazi ya wiki iliyopita. Hoteli moja ya ufukweni, chumba cha baridi cha samaki hakishuki joto mchana, usiku kinapoa vizuri. Fundi wa kwanza aliongeza gesi. Wa pili akapunguza, akaongeza tena. Wa tatu alitaka kompresa mpya. Nilipofika sikufungua hata mkoba. Nilikaa na mlinzi kivulini nikamuuliza tatizo lilianza lini. Akasema, "Baada ya ule ukuta." Ukuta gani? Walikuwa wamejenga stoo ya viti nyuma ya jengo, na ukuta wake ulisimama mbele ya mashine ya nje, hatua moja tu. Hewa ya moto inatoka, inagonga ukuta, inarudi kuvutwa na mashine ileile. Mchana, jua likikolea, joto linakosa pa kwenda na mashine inajizima yenyewe. Tulihamisha mashine. Gesi sikuiongeza wala kuipunguza. Meneja aliniuliza nimesomea nchi gani. Nikamwambia Chang'ombe.

Ndiyo, najisifu. Mtu aliyeitwa Maharage miaka minne ana haki ya kujisifu siku moja.

Wala si mimi wa kwanza kuchekwa kwa swali. Mwaka 1963 mwanafunzi wa kidato cha tatu Magamba, kule Lushoto, Erasto Mpemba, alikuwa anatengeneza aiskrimu na wenzake. Akaogopa kukosa nafasi kwenye friza, akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza, mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Akaenda sekondari ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia, na darasa likapata utani wa kumchekea. Akaja mgeni, Denis Osborne, kutoka chuo kikuu Dar es Salaam. Mpemba akauliza tena mbele ya wote waliomcheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar akataka jambo hilo lipimwe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala kwenye jarida la fizikia. Leo jambo hilo linajulikana duniani kwa jina la Mpemba, na wanasayansi bado wanabishana kama ni kweli na kwa nini.

Mimi nimejaribu kwenye friza langu, vikombe viwili, mara nyingi tu. Mara nyingi cha baridi kinashinda. Mara chache cha moto. Nimeona jambo moja la kifundi: kikombe cha moto kinayeyusha barafu chini yake na kukaa vizuri kwenye bati, kile cha baridi kinakalia barafu kama mtu aliyekalia godoro. Huenda ni hilo. Liko kwenye daftari la tatu.

Nisikudanganye lakini kwamba nadadisi kila siku. Kuna mwaka nilijiona nimekuwa fundi, maswali nikayapumzisha. Nikaletewa friji jipya, nikadhani ni R134a kama mengine, sikusoma kibandiko cha kompresa. Ilikuwa R600a, gesi inayoshika moto. Nikawasha tochi ya kuchomelea na gesi bado imo. Nyusi ziliota baada ya wiki kadhaa, ila nywele za mkono wa kulia mpaka leo hazijarudi sawasawa. Kibandiko kilikuwa na alama ya moto, kikubwa kama kiganja. Swali la nusu dakika tu: humu mna nini?

Kwa hiyo, mdogo wangu, nenda kaombe radhi. Usiombe radhi kwa kuuliza. Omba kwa kuuliza mbele ya mteja, maana hapo ulimvua mtu nguo hadharani, na mimi nililifanya kosa hilohilo. Muulize jioni, mkiwa mnafunga vyombo. Akijibu, andika. Akigoma miezi mitatu, anza kuweka nauli ya kwenda kwa fundi mwingine. Lakini usikae karakana ambayo swali ni kosa, nakuomba kama kaka, utatoka pale ukiwa na umri wa fundi na akili ya mshika tochi. Andika. Uliza. Andika tena.

Bibi bado yupo, ana nguvu zake. Nilipompigia kumweleza habari ya hewa nyepesi alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe, mume wangu. Na mimi nilidhani ni mbegu mbaya. Sasa nifanyeje?" Nikamnunulia sufuria ya presha, inayofunga mvuke ndani ili joto lipande, nikaipakia kwenye basi la Makete. Mwezi uliofuata nikauliza maharage yanaivaje. Akasema sufuria ni nzuri sana, inafunga kweli, panya hawaingii. Ameweka unga.