Fundi wa Seva Anajibu: Mwenye faili ananyimwa, mpita njia anasoma

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina seva mbili za Ubuntu (Linux) nazisimamia kwa Ansible, ile programu inayopanga seva kwa kufuata maelekezo niliyoyaandika, nimeiwekea ratiba inapita kila siku saa nane usiku. Juzi nikaongeza hatua ya kupeleka faili ya mipangilio yenye neno siri la databesi, nikaandika owner: duka (mwenye faili, ndo akaunti inayoendesha programu yangu) na mode: 644 (ruhusa za faili). Ansible haitoi kosa hata moja, lakini programu ikiwaka inalia Permission denied (huna ruhusa), na mimi nikiingia kama root, yule msimamizi mkuu, naisoma hiyo faili vizuri tu!! Nikipiga chmod 777, yaani kila mtu apewe ruhusa zote, inakubali, asubuhi naamka wateja wananipigia simu, imerudi kule kule. Hii Ansible ina shida gani jamani?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Pole sana ndugu yangu, ila Ansible usiilaumu bure. Leo usiku iache ipite, halafu kabla hujagusa kitu piga ls -l kwenye hiyo faili uone ruhusa zake. Ukikuta mstari unaanza na --w----r-T mwizi tumemkamata.

Iko hivi, ruhusa za Linux zinahesabiwa kwa namba za nane nane (tarakimu 0 hadi 7 tu; 4 ni kusoma, 2 kuandika, 1 ndo x), lakini wewe umeandika 644 tupu bila sifuri mbele wala alama za kunukuu, kwa hiyo YAML, lugha ya kuandikia maelekezo ya Ansible, imeichukua kama mia sita arobaini na nne ya kawaida, ile ya kuhesabia hela. Ukiigeuza kwenda namba za nane inakuwa 1204. Sasa isome: ile 1 ya mbele ni alama ya pembeni tu, ndo hiyo T ya mwisho, iache; mwenye faili kapata 2, yaani anaandika ila hasomi, kundi lake sifuri, na watu baki wamepewa 4, wanasoma. Yaani duka anafungiwa nje ya nyumba yake na jirani anaingia! Linux ikishaona wewe ndo mwenye faili inaangalia fungu lako tu, haiendi kukutafutia nafuu kwenye fungu la watu baki. Root yeye hazuiwi kusoma ndo maana ukipima kwa root unadanganyika, pima hivi: sudo -u duka cat na jina la faili.

Dawa yake andika mode: '0640', na hizo alama za kunukuu usiziache. Nimekupa 640 badala ya 644 maana faili ya neno siri watu baki wanaisomea nini? Hiyo 777 ndo sitaki hata kuisikia, na haitadumu maana Ansible kila ikipita inarudisha ulichoandika, ndo kazi yake.

Ikigoma bado, piga namei -l na njia nzima ya faili uangalie ruhusa za folda za juu, moja ikimnyima duka ile x (ruhusa ya kupita ndani ya folda) hafiki hata kama faili yenyewe iko sawa.

Halafu badilisha neno siri la databesi leo leo, siku zote hizo kila mwenye akaunti kwenye hizo seva alikuwa anaweza kulisoma.