Udongo hausubiri Jumamosi

Bakuli langu la kwanza kusimama halikufika Jumamosi ya pili. Nililitoa kwenye gurudumu la kufinyangia mchana, nikaliacha dirishani kwa fundi lipigwe na upepo wa Ziwa Victoria, nikapanda daladala kurudi Buhongwa, hapahapa Mwanza, nina udongo hadi kwenye nyusi. Wiki ilipokwisha nilikuta limepinda mdomo kama mtu anayeumwa jino, na kitakoni limepasuka ufa wenye umbo la herufi S. Fundi wetu, mama wa makamo asiye na maneno mengi, alilishika, akaligeuza, akanirudishia.

"Huku kupinda ni kosa la Jumanne, mwanangu," alisema. "Huu ufa ndio kosa la Jumamosi."

Nilidhani ananitania. Sasa nina miezi saba nafinyanga mara moja kwa wiki, uani kwake Bwiru, kwenye gurudumu moja la umeme na jingine la kukanyaga kwa mguu lililochomelewa na fundi wa mtaani, na nimeelewa kwamba alinipa somo zima kwa sentensi mbili. Ukijiunga na darasa la mara moja kwa wiki, utakuwa na udongo saa tatu na utakuwa mbali nao siku sita. Wengi wanaoacha huacha kwa sababu ya zile siku sita, huku wakidhani tatizo ni mikono yao.

Hata hivyo tuanze na makosa ya Jumamosi, maana nayo hayakosekani.

La kwanza ni kukanda. Ukiwa umezoea unga wa chapati, sahau ulivyozoea. Kwenye chapati unakunja na kukunjua, hewa ikibaki ndani si neno. Udongo unausukuma mbele na chini kwa kiganja, unauvuta, unausukuma tena, bila kuufungia hewa kwenye mkunjo. Halafu unaukata katikati kwa mshipi na kuangalia: ukiona vitundu, rudia. Mimi nilikuwa nakanda mara ishirini nikaona nimemaliza. Siku hizi nakanda hadi sura ya ndani ifanane na siagi iliyokatwa kwa kisu.

La pili ni kuuweka udongo katikati ya gurudumu, na hapa ndipo watu hulia. Nililia mimi, mhasibu mwenye watoto watatu, mbele ya kijana wa bodaboda aliyejiunga wiki moja baada yangu na kufaulu siku ileile. Nilikuwa nasukuma kwa mikono, na mikono huchoka. Anayesukuma ni mwili. Egemeza viwiko kwenye mapaja au ubavuni, inamia mbele, kisha iache mikono ikae palepale kama mlango uliofungwa. Udongo ukizunguka na kuugonga mlango mara mia, mwishowe utakubali. Gurudumu liende kasi hapo. Ukishatulia, pandisha udongo uwe kama kichuguu, ushushe tena, mara mbili au tatu. Na unapoondoa mikono, iondoe polepole kama mtu anayetoka chumba alicholala mtoto. Ukiitoa ghafla, udongo hushtuka na kuanza kuyumba upya.

Maji ni ya kulainisha tu. Wageni wote tunamwaga kama tunaosha gari, udongo unalegea, na ukuta unaanguka ukiwa umefika nusu.

Kutoboa donge katikati na kuinua ukuta sitaeleza sana, mkono hujifunza kwa kurudia. Ila acha kitako cha kama sentimita moja (mimi huchoma spoku ya baiskeli kupima), na punguza mwendo wa gurudumu unapoinua. Na sasa ule ufa wa herufi S: hutokea pale kitako kilipoachwa bila kushindiliwa, au maji yalipobaki yamesimama ndani. Ukishatoboa, pitisha kidole kwa kukandamiza kutoka katikati kwenda pembeni na kurudi, mara kadhaa. Kisha fyonza maji yote kwa sponji kabla hujakata chombo kwenye gurudumu. Ni kazi ya nusu dakika. Tangu nianze kuifanya sijauona tena ule ufa.

Ushauri ambao nilichelewa kuukubali ni huu: kwa Jumamosi nne au tano za mwanzo usipeleke chochote nyumbani. Gawa udongo madonge ya nusu kilo, yote sawa, finyanga umbo lilelile la kopo lililonyooka, halafu kila moja likate katikati toka juu hadi chini uutazame ukuta wake. Utaona papo hapo kwamba juu umekuwa mwembamba kama gazeti na chini umeacha unene wa sabuni. Hakuna maelezo ya mwalimu yatakayokufundisha hivyo. Nilipoambiwa nikate "kikombe" changu cha kwanza nilinuna hadi jioni.

Vifaa usinunue. Mshipi wa kukatia niliupata mwaloni Kirumba, mita moja ya uzi wa kuvulia nikaufunga vijiti viwili kwenye ncha. Cha kulainishia ni kipande cha kibuyu kilichosuguliwa kingo, na kadi ya simu iliyokwisha kazi. Kata kucha, vua pete, na uvae kanga ambayo huionei huruma.

Sasa tuje kwenye Jumanne, yaani zile siku sita za kuwa mbali na darasa.

Kuna methali tunayowaambia watu juu ya watoto: udongo uwahi ungali maji. Ni kweli kwenye gurudumu. Lakini aliyeitunga kama alikuwa mfinyanzi, basi aliacha nusu ya habari, kwa sababu kuna kazi ambazo udongo ungali maji haziwezekani. Kukwangua kitako, kubandika mkono wa kikombe, kuchora nakshi, hivyo vyote vinataka udongo uwe umekauka kidogo. Fundi anasema uwe kama sabuni ya mche: ukibonyeza kwa kidole haubonyei, ukikwaruza kwa ukucha unakubali. Hali hiyo haikai. Kipindi cha kiangazi, Juni hadi Agosti, upepo unapotoka ziwani mchana, bakuli jembamba lisilofunikwa linaifikia hali ya sabuni na kuipita kabla hujalala. Masika laweza kukaa siku tatu bado linanata. Jumamosi iko palepale kwenye kalenda, udongo hauijui.

Hivyo kazi ya wiki ni kuuchelewesha. Njia yangu ni ndoo. Chukua ndoo ya plastiki yenye mfuniko, ulaze mfuniko sakafuni, weka chombo juu yake kikiwa kwenye kibao chake, kisha ifunike ndoo kichwa chini juu yake. Ndani unyevu haupotei haraka, na chombo hukawia kukauka. Kama ni vyombo vingi, tumia nailoni. Mifuko ya plastiki ya kubebea tuliiaga Juni 2019 ilipopigwa marufuku, kwa hiyo darasani kwetu tunafunikia nailoni iliyokuja na magodoro mapya. Ukinunua godoro, usiitupe, waletee wafinyanzi.

Lile bakuli langu la dirishani lilikauka upande wa ziwani kwanza. Udongo ukikauka hunywea, na upande uliotangulia kunywea ulivuta mwenzake. Chombo kikauke sawa pande zote. Mdomo hukauka kabla ya kitako, kwa hiyo ukiweza kukishika bila kubonyea, kipindue kisimame kwa mdomo, kitako kipate hewa. Mkono wa kikombe hukauka kabla ya vyote. Uzungushie kitambaa chenye unyevu, la sivyo utaachana na kikombe pale ulipobandikwa.

Fundi hawezi kulea vyombo vya wanafunzi kumi na wawili, na ndiyo maana nilianza kurudi navyo nyumbani. Safari ya Bwiru hadi Buhongwa na bakuli bichi mapajani ni somo jingine. Konda aliniuliza kama ni dawa. Nilimwambia ni bakuli, akalitazama, akasema, "Mama, si ungenunua tu sokoni?" Gari zima likacheka, nami nikacheka nikiwa nimelizungushia mikono, maana dereva alikuwa anakwepa mashimo bila kunishauri.

Jambo la kunywea lilinigusa kama mhasibu. Nilifinyanga kikombe cha chai kilichojaa mililita 300 kikiwa kibichi. Kilipotoka tanurini kilikuwa cha kahawa. Nikachora mstari wa sentimita 10 kwenye kipande bapa cha udongo wetu, nikakikausha, kikachomwa, nikapima: 8.8. Asilimia 12 inaonekana ndogo, lakini inapungua kwa urefu, upana na kimo kwa pamoja, hivyo ujazo unapungua karibu theluthi. Chai yangu ya 300 imebaki kama 200. Fanya kipimo hicho kwa udongo wenu kabla hujaahidi mtu seti ya vikombe. Na usidanganyike na udongo mweusi wa mbuga kwa kuwa unanata vizuri mkononi: unavimba sana ukiloa na kupasuka vibaya ukikauka, kama unavyoona mashamba yake wakati wa kiangazi.

Niseme pia kwamba gurudumu si la huku kwetu. Kando ya ziwa hili watu wamefinyanga kwa mikono mitupu zaidi ya miaka 2,000, na vyungu vya zamani vinavyoitwa Urewe, kwa jina la mahali huko Siaya nchini Kenya, vimefukuliwa Kagera pia. Baadhi vina kibonyeo kitakoni, kama mtu aliyekandamiza kidole gumba, na nakshi za mistari ambazo mimi na gurudumu langu la umeme hatuziwezi. Ukipata darasa linaloanza na kuviringisha kamba za udongo na kuzipandisha moja juu ya nyingine, usione wanakupotezea muda. Umeme ukikatika, na hukatika, sisi hurudi kwenye kamba. Kule ndiko nilikojifunza kusikia unene wa ukuta kwa vidole.

Uchomaji ni wa fundi, lakini wewe ndiye unayempelekea chombo kikavu au kibichi. Kiweke shavuni: kikiwa cha baridi, bado kina maji. Mimi sikukiweka shavuni. Kikombe changu chenye kitako kinene kililipuka tanurini, maji yaliyobaki ndani yalipogeuka mvuke, na vipande vyake vikaharibu sahani mbili za dada mmoja nesi ambaye alikuwa amezisubiri mwezi mzima. (Huku juu, ziwa likiwa kama mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo hata hiyo 100 ya vitabuni usiingoje.) Nilimwomba radhi, nikampelekea sato wawili. Fundi hakusema kitu. Alikusanya vile vipande, akavitwanga kwenye kinu, akavichanganya na udongo wa wiki iliyofuata, maana gae lililosagwa huupa udongo nguvu ya kuvumilia moto. Ndipo nilipoisikia kwa sikio jipya ile methali ya mfinyanzi hulia gaeni.

Tangu siku hiyo yeye huanza na moto mdogo usiku kucha mlango wa tanuri ukiwa wazi kidogo. Uchomaji wa kwanza hufika kama nyuzi 950. Wa pili, wenye glezi inayofanya chombo king'ae, hauzidi 1,100 kwa udongo wetu mwekundu. Ukiupeleka hadi nyuzi 1,250 unazokuta kwenye maelezo ya watu wa Ulaya, utayeyuka na kuganda kwenye rafu. Ulizia glezi isiyo na madini ya risasi kama utalia chakula. Na mtungi wa maji usiupake glezi kabisa: unapooza maji kwa sababu unatoa jasho.

Vumbi nalo. Usifagie mahali pa kufinyangia, futa kwa kitambaa kilicholowa. Udongo mkavu una madini yaitwayo silika, na mapafu hayasamehe.

Ninapoandika haya ni Jumatano usiku. Chini ya ndoo ya bluu jikoni kuna mabakuli mawili, nimeyachungulia baada ya kula, moja limeshakuwa sabuni na jingine bado. Hilo la kwanza nitalikwangua leoleo kwa kijiko kilichonolewa, kabla ya kulala. Watoto nimeshawaambia ndoo hiyo haichotewi maji, lakini asubuhi nitaiandikia karatasi, maana mdogo wao hasikii.