Anabandua vigaga mpaka damu inatoka

*Shangazi, shikamoo. Binti yangu ana miaka minne na miguu yake imejaa vidonda. Huanza kama kipele cha kuumwa na mdudu, anakikuna mpaka kinachubuka, na kikishakauka anabandua kigaga hadi damu inatoka. Nimemfokea, nimemchapa vidole, na kwa ushauri wa mama mkwe nimempaka pilipili kwenye kucha. Bado kila asubuhi shuka lina madoa ya damu. Sasa mwalimu wake wa chekechea ananiuliza kama ni ugonjwa wa kuambukiza. Nifanyeje?*
*Mama Binti, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Pilipili iache leo hii. Kidole chenye pilipili ndicho atakachofikichia jicho usiku, na ndicho kitakachogusa kidonda kibichi. Utamwongezea maumivu na mwasho utabaki palepale, na mwasho ndio unaoutuma ule mkono. Hakuna ukaidi hapo.

Angalia kigaga kimoja kwa karibu. Pembeni kimenyanyuka kidogo, kigumu kama ganda la dengu. Kidole kikipita juu yake kinanasa, na kikinasa kinavuta, hata mtoto akiwa usingizini. Ngozi mpya inayoota chini yake nayo inawasha. Kwa hiyo usikisubiri kikauke. Ile desturi ya kuacha kidonda "kipigwe upepo" ndiyo inayotengeneza ganda la kubandua. Kidonda kilichopakwa mafuta na kufunikwa hupona vizuri zaidi na hakifanyi kigaga kigumu.

Jioni mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu, dakika 5 hadi 10, kwa sabuni isiyo na manukato, bila dodoki. Mkaushe kwa kumgusagusa na taulo, usimsugue. Ngozi ikiwa bado ina unyevunyevu, paka mafuta ya mgando miguu yote, kisha ongeza kiasi cha punje ya mahindi juu ya kila kidonda. Funika kwa plasta, au kwa kitambaa safi cha hospitali kilichofungwa na bandeji isiyobana. Juu yake mvalishe soksi ndefu ya pamba. Badilisha kila siku, na ikilowa badilisha mapema. Plasta ikishika, iloweshe maji kwanza. Ukiivuta kavu, wewe ndiye utakuwa umebandua kigaga. Spiriti na limau vikae mbali, vinaunguza nyama changa.

Kucha zikate mara 2 kwa wiki baada ya kuoga, zikiwa laini, kisha zipige tupa. Kosa la wengi ni kukata na kuacha pembe kali. Pitisha kucha yake kwenye ngozi ya ndani ya mkono wako: ikikukwaruza, bado hujamaliza.

Sasa mwasho wenyewe. Kitambaa kilicholowekwa maji baridi, kikakamuliwa na kuwekwa juu ya vipele kwa dakika 10, hutuliza vizuri, hasa kabla ya kulala. Joto huuzidisha, basi mpunguzie blanketi. Kwa vipele ambavyo havijachubuka, mwulize mfamasia kuhusu krimu ya hydrocortisone ya asilimia 1: safu nyembamba, mara 2 kwa siku, isizidi siku 7, na kamwe si ndani ya kidonda. Tafadhali usinunue zile tyubu zinazosemwa zinatibu kila kitu. Nyingi zina steroidi kali, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho, na kwa mtoto hizo hufanya ngozi kuwa nyembamba na kuficha maambukizi yanayoendelea chini.

Mkono nao unataka kazi nyingine. Kwa siku 3 andika ni saa ngapi anabandua. Mara nyingi utakuta ni mbele ya televisheni, garini, au usingizi unapomjia. Saa hizo mpe donge la unga uliokandwa alifinyange, kabla hajaanza. Mfundishe pia kwamba kikiwasha anabonyeza kwa kiganja huku mkihesabu pamoja hadi 10. Ukimkuta anabandua, usiseme "acha!", uchukue mkono taratibu, uweke juu ya kiganja chake kingine, kisha mhesabu pamoja. Siku atakayokuja mwenyewe kusema "mama, inawasha", msifu sana.

Na wadudu je? Chomeka chandarua chenye dawa chini ya godoro pande zote. Vipele vilivyojipanga mstari, kagua mishono ya godoro na nyufa za kitanda, huenda ni kunguni. Vikijaa kwenye vifundo vya miguu na nyumbani kuna paka au mbwa, fikiria viroboto. Kung'atwa upya kunaweza kuamsha hata vipele vya zamani, kwa hiyo bila kuziba chanzo utapaka mafuta mwaka mzima.

Mwalimu mwambie vipele vya kung'atwa haviambukizi. Lakini vidonda vikitoa maji yanayokauka rangi ya asali, hayo ni maambukizi ya bakteria na yanaambukiza; mpeleke kituo cha afya, na abaki nyumbani mpaka mhudumu aseme arudi shule. Akiwashwa zaidi usiku, katikati ya vidole na kwenye viwiko vya mikono, na nyinyi wengine mnajikuna, uliza kuhusu upele, ule ugonjwa wa ngozi wa kuambukizana (scabies), si vipele vya kung'atwa. Huo hutibiwa nyumba nzima siku moja.

Usisubiri kesho ukiona usaha, homa, au uvimbe wenye joto unaotanuka. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, kwa hiyo gusa kwa mgongo wa mkono na ulinganishe na mguu wa pili. Hata wiki chache baadaye, uso ukivimba au mkojo ukiwa rangi ya chai, nenda hospitali uwaeleze alikuwa na vidonda: bakteria wale huweza kuathiri figo.

Madoa meusi yatabaki kwa miezi kisha yatafifia yenyewe. Usimpake krimu ya kung'arisha. Kwa sasa tandika shuka jeupe na uhesabu madoa ya damu kila asubuhi. Ukiona wiki 2 zimepita na hayajapungua, hiyo shuka ibebe, umwonyeshe daktari.