Mleta mada, usikubali mita janja kabla hujapima nyutro

Mleta mada, huyo fundi aliyekuahidi kwamba mita janja itakupunguzia matumizi nusu kwa nusu, mwambie akuoneshe kwanza waya zilizo juu ya dari yako. Akianza kukwepa, asinywe hata maji kwako.

Nimekusoma vizuri. Uko Mtanda, Lindi, nyumba kubwa unakaa na familia, uani una vyumba viwili wamepanga walimu, kila upande una LUKU yake, na umeme wa nyumba kubwa unakwisha usivyoelewa. Umeuliza ubadilishe sasa au usubiri, uniti zilizobaki zinakwenda wapi, mtandao ukikatika inakuwaje, na mita ikae ndani au ukutani nje. Maswali mazuri. Ila liko moja hujauliza, na hilo ndilo lililonila mimi friza.

Niko Mtwara, Magomeni. Nilivyosoma bandiko lako nikadhani kuna mtu kaja kuchora nyumba yangu: nyumba kubwa mbele, vyumba vya uani nyuma, mita mbili, fundi mmoja. Huyo fundi mmoja ndiye wa kuogopa.

Kwanza tuelewane. Mita inahesabu, basi. Mkulima wa Tandahimba hata ukimbadilishia mizani ghalani, korosho zake haziongezeki gunia. Mita janja inakupa vitu vyake: ukinunua umeme unaingia wenyewe bila kubonyeza tarakimu 20, inasomwa kwa mbali bila mtu kuja kuchungulia ukuta wako, na matumizi unaweza kuyafuatilia. Mimi ninayo na siirudishi. Lakini mtu akikwambia inapunguza umeme, muulize inapunguza kwa njia gani. Najua kuna atakayekuja na habari za Uingereza. Kule kuna bei za usiku na bei za mchana, mtu anachaji gari saa nane usiku kwa bei ya chee, na mita ndiyo shahidi wa saa. Hapa kwetu D1, kundi la watumiaji wadogo wa nyumbani, bei ni ile ile, iwe adhuhuri au usiku wa manane. Na hata huko kwao, zile mita za kizazi cha kwanza ulikuwa ukihama kampuni ya umeme ujanja unaisha, unabaki na mita ya kusoma kwa macho.

Haya, kilichonikuta.

Kabla ya kubadilisha nilikuwa mtu wa uniti sabini kasoro kwa mwezi. Friza ya mama watoto ya barafu na juisi ya mabibo, feni mbili, TV, taa. Ikaja mita mpya. Hazikupita siku nyingi nikaona namba zinashuka kwa kasi ambayo haikuwa ya nyumba yangu. Nikamwita fundi wangu. Nasema wangu kwa sababu ndiye aliyevuta umeme wa vyumba vya uani, ndiye aliyenipigia kelele niwahi mita janja, na Ramadhani alikuwa akifuturu kwangu. Akaitazama mita, akaigonga gonga kwa kidole, akasema, "Hizi mpya zina kiherehere, zikishaizoea nyumba zinatulia."

Zikishaizoea nyumba! Na mimi mtu mzima nikaitikia, "Sawa fundi."

Haikuizoea. Akarudi na kile kidude cheupe cha taa ya kijani, unakichomeka kwenye soketi, eti kinabana umeme. Siku nilipokivunja kwa hasira nilikuta ndani kapasita ndogo na hiyo taa, mwisho wa habari. Kapasita inaweza kumfaa mwenye kiwanda anayetozwa kwa kVA. Mita ya nyumbani inahesabu kilowati-saa, haina habari nayo. Kwa hiyo nilinunua kitu cha kupunguza umeme, kikawa kazi yake ni kutumia umeme kuniwashia taa. Mnaocheka, nendeni kwanza mkaangalie nyuma ya TV zenu.

Kidude kiliposhindwa, ikahukumiwa friza. "Kompresa imechoka, boss, inavuta sana." Hakupima chochote, aliweka mkono ubavuni mwa friza na kutikisa kichwa. Nikaiuza kwa bei ya kutupa kwa jamaa anayeuza pweza, nikachukua nyingine ya inavata kwa mkopo wa kikundi, marejesho kila Jumapili. Ile ya zamani mpaka leo inagandisha pweza bila kukohoa. Nikipita pale naangalia upande wa pili wa barabara.

Uniti zikaendelea kukimbia vile vile, sasa na marejesho juu.

Hapo bwana akaleta wazo lake la mwisho, kwamba umeme anaweza "kuupitisha pembeni" ya mita kidogo, usiku, hakuna atakayejua. Mkuu, hizi mita ukifungua kifuniko tu taarifa inakwenda. Na lakiri ikishakatika unayeulizwa ni wewe mwenye nyumba, kishoka, fundi asiye na leseni, utamtafuta na simu haipatikani. Nilimwonesha mlango. Ningemwonesha mapema zaidi, lakini mtu aliyefuturu kwako kumfukuza ni kazi.

Ukweli ulijileta wenyewe. Tulikwenda harusini Newala, na mama watoto kwa uoga wa uniti akazima meni swichi ya nyumba kubwa kabla ya kufunga mlango. Jioni mpangaji akanipigia: "Baba Zuwena, samahani, huku chumba cha pili taa na soketi zote zimekufa. Mita yetu ina uniti, chumba cha kwanza wanaona TV."

Soma tena hapo. Nimezima nyumba kubwa, kikafa chumba cha uani chenye mita yake.

Fundi kwenye simu akasema ni laini ya mtaa. Mama watoto, ambaye hajawahi kushika tesita maishani, akasema, "Laini ya mtaa gani inayochagua chumba?" Tuliporudi nikamtafuta mzee mmoja, fundi mstaafu, mtu wa maneno machache. Akaja na kile kipimo cha kubana waya. Akabana waya wa laini, ule unaoleta umeme kutoka kwenye mita yangu, akasoma. Akabana nyutro, ule unaourudisha, akasoma. Namba hazikufanana, nyutro ilikuwa inabeba zaidi. Akauliza swali moja tu: "Nani alifunga vyumba vya nyuma?"

Kilichokuwa kimefanyika ni hivi. Fundi alipovuta umeme wa chumba cha pili, laini aliitoa kwenye mita ya wapangaji kama inavyotakiwa. Nyutro ilikuwa mbali, waya ukapungua, au uvivu, Mungu anajua. Akapanda darini akaikamata nyutro ya nyumba kubwa iliyokuwa karibu, akasokota, akaviringisha utepe. Taa zikawaka, akalipwa, akaenda zake. Umeme unatoka kwa mita ya wapangaji, unapita kwenye birika na pasi ya mwalimu, halafu unarudi nyumbani kwa njia ya nyutro yangu.

Mita yangu ya zamani ilikuwa inapima laini peke yake, haikuona kitu. Miaka yote hiyo kosa lilikuwa limelala darini. Mita nyingi za sasa zinapima waya zote mbili, laini na nyutro, kwa sababu ya watu wanaoiba kwa kuchezea waya mmoja. Zikitofautiana, mita inahesabu ule unaobeba zaidi. Kwa hiyo chai ya mwalimu ililipiwa mara mbili: yeye kwenye mita yake kwa halali, na mimi kwenye yangu kwa ujinga wa mtu mwingine. Mita haikukosea hata uniti moja.

Na usidhani uniti chache si kitu. Ukiwa D1, uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja. Weka VAT ya asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) na ya EWURA (wasimamizi wa nishati) inakuwa 122, maana yake uniti zote 75 unazipata kwa 9,150. Ya 76 inaanza 350, na ukiweka makato hayo hayo ni 427. Hapo elfu kumi yako inaleta uniti 23. Umeme wa pasi ya watu ulinivusha mstari huo kila mwezi, na ukizoea kuuvuka unahamishiwa kundi la 292 kwa uniti zote, kuanzia ya kwanza. Kurudi D1 ni safari nyingine. Bado hapo hujakatwa kodi ya jengo 1,500 ya mwezi (na wewe mwenye mita mbili kwenye kiwanja kimoja, angalia kama hukatwi kwenye zote mbili, maana hiyo nayo inawala watu kimya kimya).

Mzee alitumia waya wa mita chache na chai ya tangawizi. Akatenganisha nyutro, akabana tena, namba zikafanana, akashuka. Friza niliyouza ilikuwa nzima. Ya mkopo nayo ni nzima. Kichwa cha fundi ndicho kilichotakiwa kupelekwa kwa mafundi.

Kwa hiyo mkuu, kabla ya fomu, kabla ya kumlipa mtu nauli, pima nyutro. Leo jioni wapangaji wako wakiwepo, zima meni swichi ya nyumba kubwa, wao wawashe kila walichonacho, kila taa, kila soketi. Kitu kimoja tu kikifa upande wao, umepata jibu. Washa kwako, wazime kwao, kagua nyumba kubwa hivyo hivyo. Kisipokufa kitu usishangilie bado, kwa sababu nyutro inaweza kuwa imeungwa pande zote mbili na umeme una njia ya kupita. Hapo lazima kipimo cha kubana. Ukibana laini na nyutro ya mita yako kwa pamoja, inatakiwa isome sifuri au karibu kabisa na sifuri. Ikisoma namba ya maana, kuna umeme unatoka au kuingia kwa njia isiyo yake, iwe kwa nyutro ya jirani au unavuja kwenda ethi, waya wa ardhini.

Usipande darini mwenyewe kutenganisha. Nyutro ukiikata upande mmoja wakati upande wa pili umewashwa, inapiga kama laini. Zima mita zote mbili, na anayepanda awe fundi mwenye leseni ya EWURA, aioneshe mkononi, si kwenye maneno. Wa kwangu alikuwa na fulana yenye picha ya bulb.

Jingine dogo la kujifanyia: chomoa kila kitu nyumba kubwa, zima taa zote, meni swichi iache imewashwa, kaa mbele ya mita. Kuna kitaa chekundu kinachopepesa. Juu ya mita yako pameandikwa imp/kWh, mara nyingi 1000, yaani kikipepesa mara 1000 umekula uniti moja. Nyumba imezimwa yote na bado kinapepesa? Usizungumze na mtu kuhusu mita janja. Zungumza na waya zako.

Kuna mwingine hapo juu kamtisha mleta mada kwamba LUKU za zamani "zinazimwa" ndiyo maana afanye haraka. Tukio la kuzima lilikuwa 24 Novemba 2024, ile tuliyobonyezeshwa tokeni ndefu za kubadili mfumo mpaka vidole vikafa ganzi. Kama yako uliibonyezea na inapokea umeme, imeshapita, na kalenda yake mpya inafika 2045. Atakayekuharakisha kwa sababu hiyo ana pikipiki ya kujaza mafuta.

Namba ya mita ya zamani na uniti zilizobaki zipige picha kabla haijashushwa ukutani, mbele ya anayeishusha. Hiyo sekunde moja tu.

Ila nyutro kwanza. Jioni hii hii, walimu wakirudi kutoka shule. Ukishamaliza rudi hapa uandike: chumba gani kimekufa, na kipimo kimesoma ngapi kwenye laini na ngapi kwenye nyutro. Na kama fundi wako naye ana fulana ya bulb, tuandikie na hilo.