Maswali ya Anga: Nani Aliona Chuma Kikizaliwa?

Mwalimu, shikamoo. Niko kidato cha tatu. Nimesoma kitabuni kwamba chuma kilichomo kwenye damu yetu, na dhahabu pia, vilitoka kwenye nyota zilizolipuka. Wenzangu wanasema hizo ni hadithi tu, hakuna aliyefika huko. Je, kuna aliyeona?
*Msomaji, Songea*

Marahaba, mwanangu. Chuma kimeonekana, na tarehe yake inajulikana. Dhahabu ina habari yake peke yake, nitaifikia.

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Februari 1987, katika kituo cha Las Campanas nchini Chile, mtafiti aitwaye Ian Shelton alisafisha picha aliyokuwa amelipiga Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo jirani na yetu. Pichani palikuwa na nyota inayong'aa mahali ambapo haikuwepo. Akatoka nje kuhakikisha kwa macho, akaikuta. Mwendesha darubini wa kituo hichohicho, Oscar Duhalde, alikuwa ameshaiona saa chache kabla alipotoka kutazama anga. Nyota iliyolipuka ilikuwa kwenye orodha za wanaastronomia tangu zamani, ikiwa na uzito wa takriban Jua 20. Iko umbali wa miaka nuru 168,000 hivi. Mlipuko wake ukaitwa Supanova 1987A.

Sasa kuhusu chuma. Mlipuko ule ulitengeneza nikeli ya aina isiyodumu, karibu asilimia 7 ya uzito wa Jua letu. Nikeli hiyo hugeuka kobalti kwa haraka, nusu yake kila siku 6. Kobalti nayo hugeuka chuma polepole zaidi, nusu yake kila siku 77. Watu waliokuwa wakipima mwanga wa ile supanova usiku baada ya usiku waliukuta, baada ya miezi michache, ukififia kwa mwendo uleule wa siku 77. Juu ya hayo, setilaiti ya Solar Maximum Mission, iliyoundwa kuchunguza Jua, ilinasa mionzi ya gama yenye nishati ambayo hutolewa na kobalti hiyo inapogeuka chuma. Waambie wenzako hivyo: chuma kile kilipimwa kikiwa kinazaliwa, na aliyepima hakuhitaji kwenda huko. Nuru ilimfuata alipo.

Ila gesi inayokimbia maelfu ya kilomita kwa sekunde haitoshi kujenga sayari, sembuse damu. Lazima kwanza ipoe, igande, iwe chembechembe za vumbi. Na hapa ndipo wanasayansi walipokwama kwa zaidi ya miaka 20. Vipimo vya miaka miwili ya kwanza vilionyesha vumbi kidogo mno, pungufu ya sehemu moja ya elfu ya uzito wa Jua. Wakati huohuo darubini zilikuwa zikionyesha galaksi za zamani sana zikiwa zimejaa vumbi. Kama nyota zinazolipuka hazilitengenezi, limetoka wapi?

Fikiria pasi ya mkaa. Makaa yakishapoa kiasi, wekundu hauonekani tena, lakini sogeza kiganja na utasikia joto. Jicho limeshindwa, ngozi bado inapokea. Vumbi la 1987A limepoa kupita kiasi, liko karibu nyuzi 250 chini ya sifuri. Hata hivyo linatoa nuru, ila ya mawimbi marefu, kati ya sehemu ya kumi na thuluthi moja ya milimita. Darubini za mwanzo hazikuweza kuipokea. Vumbi la vuguvugu walilihesabu. La baridi, ambalo ndilo jingi, liliwapita.

Darubini ya Herschel ya Shirika la Anga la Ulaya ilirushwa tarehe 14 Mei 2009, ikiwa na kioo cha mita 3.5. Ilikuwa ikipiga picha Wingu zima la Magellan ili kuchora ramani ya vumbi lake. Katikati ya picha hizo, kati ya mawingu makubwa, palikuwa na nukta moja ndogo ambayo ukipitisha macho haraka huioni. Nukta hiyo ilikuwa mahali penyewe pa 1987A. Mikako Matsuura na wenzake walilinganisha mwangaza wake katika mawimbi mbalimbali wakapata joto lake, na kutoka kwenye joto, mwangaza na umbali wakapata uzito. Mwaka 2011 wakatangaza: kati ya 0.4 na 0.7 ya uzito wa Jua. Hiyo ni sawa na Dunia 200,000 hivi, za vumbi tupu! Wapo waliouliza kama vumbi hilo ni la mlipuko wenyewe au la pete ya gesi ambayo nyota iliitoa maelfu ya miaka kabla ya kufa. Mwaka 2014 antena za ALMA, zilizo kwenye nyanda za juu za Chile, zikaonyesha kwamba vumbi baridi liko katikati, ndani ya mabaki ya mlipuko, na si kwenye pete.

Ubishi uliobaki ni kama vumbi hilo liliongezeka taratibu au lilikuwepo mapema likafichika, na ni kiasi gani litapona mawimbi ya mshtuko yatakapolirudia. Mimi ubishi huo naupenda, maana ni wa watu wenye vipimo mkononi.

Dhahabu sasa. Wengi huiunganisha na supanova za kawaida, lakini ushahidi wenye nguvu zaidi tulio nao ni wa tarehe 17 Agosti 2017, nyota mbili za nyutroni, yaani viini vidogo vizito mno vinavyobaki nyota kubwa zikishalipuka, zilipogongana katika galaksi iliyo umbali wa miaka nuru milioni 130 hivi. Nuru iliyofuata ilikuwa na dalili za elementi nzito za jamii ya dhahabu. Kwa hiyo kitabu chako kimerahisisha mno.

Na wewe uko mahali pazuri. Mwaka ule wa 1987 nilikuwa mwanafunzi Newala, na supanova ile ilionekana kwa macho matupu miezi kadhaa katika anga letu la kusini, huku watu wengi wa kaskazini ya dunia wakiwa hawawezi kuiona kabisa. Hakuna aliyetuambia tutazame, na hadi leo linaniuma. Mwezi Januari, kama saa tatu usiku, elekea kusini uitafute Suheli, nyota angavu kuliko zote upande huo. Nyoosha mkono, shuka shubiri moja chini yake, kulia kidogo. Pasipo taa wala mbalamwezi utaona kiwingu cheupe kisichosogea na upepo. Ndimo ilimolipukia.

Assalaam alaykum mwalimu. Darubini ya Webb imegharimu takriban dola bilioni 10. Kwa nini zisitumike za ardhini tu?
*Msomaji, Muscat*

Wa alaykumu s-salaam, ndugu yangu. Za ardhini zinatumika sana, na ALMA niliyoitaja ni mojawapo. Lakini iko mita 5,000 juu ya usawa wa bahari, jangwani, kwa sababu mvuke wa hewani humeza nuru hii ya mawimbi marefu. Mawimbi mengi ya Herschel hayafiki ardhini hata kidogo. Tena hewa yenyewe ina joto, na darubini yenyewe ina joto. Vyote viwili vinatoa nuru ileile unayoitafuta. Ndiyo maana Herschel ilipanda na zaidi ya lita 2,000 za heliamu ya kuipoza, na heliamu ilipokwisha Aprili 2013 kazi ikaishia hapo. Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, imekaa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, nyuma ya kinga ya jua ya tabaka tano.

Tumepata nini? Kwa miaka 37 tuliuliza kiini cha 1987A kiligeuka kitu gani, na vumbi lile nililolieleza ndilo lililoziba macho. Februari 2024 timu ya Claes Fransson ilionyesha, kwa vipimo vya Webb, agoni na salfa zilizopigwa na mionzi mikali katikati kabisa, dalili kwamba mle mna nyota ya nyutroni. Kwangu fedha hizo zimefanya kazi. Kinachonisikitisha ni kwamba Webb haifiki kwenye mawimbi marefu ya Herschel, na hakuna darubini nyingine ya angani iliyoshika nafasi hiyo.

Mwalimu, hujambo? Mjukuu wangu anasema Betelgeuse, ile nyota nyekundu ya Orioni, inakaribia kulipuka. Tujiandae?
*Mzee, Bagamoyo*

Shikamoo, mzee wangu. Sijambo. Mjukuu amesikia habari za mwishoni mwa 2019 na mwanzo wa 2020, nyota hiyo ilipofifia ghafla. Vipimo vya Hubble na darubini za ardhini vilionyesha kwamba ilitoa gesi, gesi ikapoa ikawa vumbi, vumbi likaikinga. Kulipuka italipuka, pengine ndani ya miaka 100,000 ijayo. Iko mbali, miaka nuru 500 au zaidi, kwa hiyo haitatudhuru; itaonekana hata mchana tu.