Uliza Afande: Je, mbwa wa polisi alihongwa?

SWALI: Shikamoo Afande. Nimeibiwa mbuzi wawili usiku. Mwenyekiti wa LC, baraza letu la kijiji, aliwapigia polisi, mbwa akafika saa tano asubuhi. Akanusa banda, akapita nyuma ya choo, akakatiza uani kwa jirani, kisha hadi barabara ya lami. Hapo akazungukazunguka, akakojolea nguzo ya umeme, akarudishwa garini. Vijana wanasema jirani ndiye mwizi na mbwa kahongwa nyama. Tena alinusa mswala wangu uliokuwa kibarazani. Nifanyeje?
Mwenye Mbuzi, Bombo, Uganda

JIBU: Marahaba, na pole kwa mbuzi. Nilishika kamba ya mbwa miaka mingi kabla ya kustaafu, sijaona hata mmoja aliyehongwa. Tulikuwa tunawafunza wasile cha mgeni.

Saa tano asubuhi! Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Pua ya mbwa ina chembe za kunusia zaidi ya milioni 200, yetu milioni 5 hivi, lakini hata yeye hanusi kilichokwisha kupeperuka. Anachofuata ni chembe za ngozi na jasho zinazomdondoka mtu akitembea, pamoja na majani na udongo uliokanyagwa. Alfajiri, umande ukiwa bado, harufu imelala chini. Jua likipanda, inatawanyika. Nawe usinifiche: uwanja ulishafagiliwa, na nusu ya kijiji ilishaingia bandani kutazama mbuzi ambao hawapo.

Pale kwenye lami napajua. Kamba huwa imekaza, pua chini. Ghafla inalegea, mbwa anainua kichwa, anapiga duara, anarudi palepale. Aliyemshika anaelewa: mtu kapanda boda boda au gari. Kukojoa ni kukojoa tu.

Wala usimfananishe na wale wanaonusa magari kwenye malango ya Kampala. Wale ni wa mabomu, wakipata harufu wanakaa kitako kimya. Mwizi wa mbuzi hawamjui.

Sasa jirani. Mbwa alikatiza uani kwake, hakuishia mlangoni. Mwizi hupita panapopitika. Niliwahi kuvutwa na kamba hadi kwa bibi mmoja, na kabla sijapumua vijana walishang'oa bati mbili za paa. Kumbe mwizi alisimama pale kuomba maji ya kunywa. Hata mahakamani ushahidi wa mbwa hupokewa kwa tahadhari: katika kesi ya Omondi ya 1967, kule Kenya, ilitakiwa kwanza mahakama ielezwe mbwa amefunzwa nini na anaaminika vipi. Mwambie mwenyekiti awazuie vijana leo hii, si kesho.

Siku nyingine, Mungu aepushe, funika alama ya mguu kwa beseni, usiguse kandambili iliyoangushwa, na piga simu kungali giza. Kwa sasa wapelekee polisi rangi ya mbuzi na alama za masikio, kisha waulize vijana wa boda pale stendi nani alibeba usiku ule mzigo unaolia.

La mswala muulize sheikh wako. Mimi nilikuwa nabisha hodi, naomba utolewe kwanza, ndipo namwachia mbwa kamba.