Gemu ya punda: wachezaji wanaruka video, nifanyeje?

SWALI: Natengeneza gemu ya simu ya kutetea punda wa mkokoteni. Punda anapigana na wanaomtesa, na kila akishinda inatokea video ya punda aliyejeruhiwa. Wote niliowapa kujaribu wameiruka. Niifupishe?

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Video haina kosa, kasoro iko kwenye kanuni za mchezo, na si wewe wa kwanza kunaswa hapo.

Oktoba 2012 PETA, shirika la Marekani la kutetea wanyama, lilitoa Pokémon Black & Blue, gemu ya bure iliyochezwa mtandaoni kupinga wanyama wa Pokémon, viumbe wa kubuni wa mfululizo wa gemu za Kijapani, kufugwa na kupiganishwa. Pikachu, mmoja wa viumbe hao, anawakabili wanaomfuga, na ukishinda unafunguliwa video za mateso ya wanyama halisi. Sasa angalia kidole cha mchezaji kinafanya nini: anachagua pigo, mstari wa uhai wa mpinzani unapungua, anachagua tena. Ni pambano lilelile linalolaaniwa! Maandishi yanasema acheni kupigana, kitufe kinasema piga, na mchezaji hufuata kitufe.

Kinachoniuma ni kwamba Pokémon Black na White, gemu za mfululizo wenyewe zilizotoka Japani 2010, zilishauliza kwa ustadi zaidi kama ni haki kuwafuga na kuwapiganisha. Mle yumo kijana anayeitwa N, anayetaka Pokémon waachwe huru. Karibu kila ukipambana naye ana kikosi kingine, cha wanyama wa eneo lile, kwa sababu wale wa awali ameshawaachia. Imani yake unaiona kwenye kikosi chake kabla hajafungua mdomo.

Kwa hiyo ondoa mapigano. Mpe mchezaji mkokoteni, magunia na deni la kulipa jioni. Weka namba ya uchovu iliyofichwa, ipande kwa uzito, jua na kiu. Ikipanda, punda achelewe kuitikia kidole, kwanza kidogo, halafu sana. Kidonda chini ya hatamu kihifadhiwe, kesho akifungua gemu akikute palepale. Tumezoea kusema shukrani ya punda ni mateke; hapa mchezaji ataona mateke yanaanzia wapi.

Kushusha gunia moja kumpunguzie pesa kweli, usimlipe nyota kwa wema. Ukijaribisha tena, hesabu wangapi wameshusha bila kuambiwa. Video iweke kwenye menyu, kwa atakayeitafuta mwenyewe.